Naanza safari ya wiski zenye moshi wa mboji: naomba mwongozo wa kuufunza ulimi na pua

Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu. Kwa muda mrefu wiski nilizozizoea ni zile laini, zenye utamu wa vanila na asali, ambazo mtu hahitaji kuzitafakari sana anapozinywa. Sasa nimeingiwa na hamu ya kuzifahamu wiski zenye moshi wa mboji (peat kwa Kiingereza), hasa zile za kisiwa cha Islay kilicho upande wa magharibi wa Uskoti, na nimeanza na Laphroaig ya miaka 10 kwa sababu jina lake halikosekani popote zinapozungumziwa wiski za aina hii. Funda la kwanza lilinipa aidini, bandeji mpya na kamba ya mashua iliyopakwa lami, kisha mdomo mzima ukabaki na majivu. Ajabu ni kwamba glasi ilipoisha nilitamani kuijaribu tena, ingawa siwezi kudai kwamba niliipenda.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie katika mambo ambayo yananitatiza. Sielewi kwa nini moshi wa wiski moja unafanana na kuni zinazowaka na wa nyingine unafanana na chumba cha kufungia vidonda, ilhali zote zinasemekana kuwa za mboji. Sijui pia kama ile namba ya ppm, ya kiwango cha moshi, inayotajwatajwa ndiyo kipimo sahihi cha kuchagulia chupa. Na zaidi ya yote, ninaposoma maelezo ya waonjaji ninakuta wametaja limau, peasi, chumvi ya bahari na keki ya matunda ndani ya wiski ileile ambayo mimi sikuona ndani yake kitu kingine isipokuwa moshi. Je, wanatunga, au mimi ndiye nisiye na pua?

Mchangiaji wa kwanza

Karibu, ndugu mleta uzi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa majibu ya mengine yamejificha ndani yake. Hawatungi, na pua yako ni nzima. Fenoli, yaani kemikali zinazobeba harufu ya moshi, hunuswa hata zikiwa kidogo mno, kwa hiyo katika dakika za kwanza hufunika kila kitu kama pazia, na mtu asiyezizoea hana nafasi ya kushughulika na harufu nyingine yoyote. Hata hivyo pua ina tabia ya kuacha kuitilia maanani harufu inayoikabili mfululizo, na hapo ndipo vile vilivyokuwa nyuma vinaanza kujitokeza. Kazi ya mwanafunzi, basi, si kuutafuta moshi, maana moshi utamtafuta wenyewe. Kazi yake ni kukaa na glasi muda wa kutosha mpaka moshi usogee pembeni. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo lote la wiski hizi, na anayelielewa mapema huokoa fedha nyingi.

Kwa vitendo, mimina kiasi kidogo tu, mililita 15 au 20, katika glasi iliyo pana chini na nyembamba mdomoni, kisha uiache itulie kwa dakika kumi hivi bila kuigusa. Unaponusa usiitumbukize pua ndani ya glasi. Iweke usawa wa ukingo, fungua mdomo kidogo, na uvute pumzi taratibu. Ule mwasho unaokufanya urudishe kichwa nyuma si harufu kamwe, ni alkoholi inayochokoza neva za maumivu, na mtu aliyechokozwa namna hiyo hanusi kitu kwa muda. Ukihisi pua imechoka, inusishe mkono wako mwenyewe, sehemu ya ndani ya kiwiko, kisha urudi kwenye glasi. Funda la kwanza liwe dogo sana na usilitolee hukumu yoyote, kwa sababu kazi yake ni kuuzoesha mdomo tu. La pili litembeze juu ya ulimi wote, limeze, funga mdomo, halafu toa pumzi kwa puani. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hupatikana kwa njia hiyo, harufu ikipanda kutoka kooni kwenda puani, na anayemeza haraka na kuanza kuzungumza huikosa kabisa.

Sasa moshi wenyewe. Mboji inayozungumziwa hapa ni mabaki ya mimea ya kinamasi ambayo haikuoza ipasavyo kwa sababu imelowa maji daima na hewa haiifikii. Hurundikana polepole, kwa makadirio ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo mkataji anayechimba kina cha mita moja hufikia mimea iliyokufa kama miaka elfu moja iliyopita. Katika visiwa visivyo na miti ya kutosha hiyo ndiyo iliyokuwa kuni ya watu, ya kupikia na ya kupasha nyumba joto, na pia ya kukaushia kimea, yaani shayiri iliyochipushwa. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari, kisha lazima ikaushwe kabla chipukizi halijaumaliza wanga huo. Mboji ikiwashwa chini ya tanuri, moshi hupita katikati ya punje mbichi na fenoli hunata kwenye maganda yake. Hunata vizuri wakati punje bado zina unyevu tu, kwa hiyo mwako wa mboji hufanywa mwanzoni, na baadaye kazi ya kukausha humaliziwa kwa hewa ya moto isiyo na moshi.

Kwa hiyo moshi huingia kupitia nafaka. Wapo wanaoamini kwamba unaletwa na maji ya rangi ya chai yanayotiririka kutoka kwenye vinamasi vya Islay, na imani hiyo ina mvuto wake, lakini kiwanda cha Bunnahabhain kiko kisiwani humohumo na wiski yake ya miaka 12 haina moshi wa kutajika, kwa sababu kimea chake hakikukaushwa kwa mboji. Chukua hilo kama onyo pia: jina la Islay kwenye chupa halikuhakikishii moshi, wala kukosekana kwake hakuukatazi.

Kuhusu tofauti ya kuni na hospitali, sababu ya kwanza ni mimea iliyozaa mboji hiyo. Mboji ya visiwa vya Orkney, ambako miti ni adimu na upepo hauishi, imejaa mabaki ya vichaka vya heather, na moshi wa Highland Park, wiski ya huko, una harufu ya maua makavu na asali kuliko ya dawa. Mboji ya Islay ina mchanganyiko tofauti, na moshi wake huelekea kwenye lami na aidini. Kikemia, gwayakoli ndiyo inayonukia kuni na nyama iliyokaushwa kwa moshi, ilhali kresoli na fenoli yenyewe ndizo zinazonukia dawa ya kuulia vijidudu. Na pua yako haikukudanganya iliposema hospitali. Mwaka 1865 daktari Joseph Lister, akiwa Glasgow, alianza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki, ambayo ni jina la zamani la fenoli, na harufu hiyo ikawa harufu ya usafi wa kitabibu kwa vizazi vilivyofuata.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, naheshimu maelezo yote hayo, lakini naona mnamzungusha mgeni bila sababu. Anayetaka kuufahamu moshi aende moja kwa moja kwenye chupa yenye ppm kubwa kuliko zote, yaani Octomore, na baada ya hapo nyingine zote zitakuwa nyepesi kwake. Bowmore ina kama 25, Lagavulin na Caol Ila kama 35, Ardbeg kama 55, na Octomore inaanza pale wenzake wanapoishia. Hesabu ni hesabu, na mimi sioni kwa nini mtu apande ngazi moja moja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hesabu zako ni sahihi, ila kinachohesabiwa sicho unachokunywa. Namba ya ppm, yaani sehemu kwa kila milioni, hupimwa kwenye kimea kabla hakijasagwa. Kuanzia hapo fenoli zinapungua katika kila hatua: nyingi hubaki kwenye makapi baada ya kimea kulowekwa kwa maji moto, nyingine hubaki nyuma wakati wa kukeneka, yaani kuchemsha na kuukusanya mvuke, na zilizosalia hubadilika taratibu ndani ya pipa. Toleo la Octomore 8.3 lilitengenezwa kwa kimea cha 309.1 ppm, lakini ukilionja hutapata moshi unaozidi wa Ardbeg mara tano au sita. Utapata wiski nzuri yenye moshi mzito na nguvu kubwa ya alkoholi, na kwa anayeanza ni hiyo alkoholi itakayomshinda kabla ya moshi.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika viwanda viwili ulivyovitaja mwenyewe. Lagavulin na Caol Ila vyote hupata kimea kutoka katika kiwanda kimoja cha kimea kilichopo Port Ellen, kwa kiwango cha mboji kinachokaribiana kabisa, na bado hakuna anayeweza kuvichanganya. Caol Ila ina mitungi mikubwa ya shaba ambamo mvuke hugusana sana na kuta kabla ya kutoka, na shaba hiyo hunyonya vitu vizito. Kwa hiyo wiski yake ni safi, ya limau na majivu meupe. Lagavulin hukeneka polepole katika mitungi iliyojazwa sana, mvuke haupati nafasi kubwa ya kusafishwa, na kinachotoka ni kinene, chenye mafuta, chenye moshi unaokaa kifuani. Ongeza hapo jambo la mkato. Katika ukenekaji wa mwisho fundi hukusanya sehemu ya kati tu ya kinachotoka, na fenoli ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa kutoka. Anayefunga mapema hupata moshi mchache, na anayeendelea kukusanya kwa muda mrefu hupata mwingi pamoja na ule ukali wa lami. Laphroaig huchelewa pia kuanza kukusanya, ikiziacha zipite zile harufu tamu za matunda zinazotangulia, na hiyo ni sababu mojawapo ya wewe, mleta uzi, kuikuta imenyooka kama dawa.

Kipo kisa ambacho hakika hakuna mpenda ppm anayeweza kukikwepa. Peter Mackie wa Lagavulin, baada ya kampuni yake kupoteza uwakala wa kuuza Laphroaig, aliamua mwaka 1908 kujenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wa Lagavulin kilichoitwa Malt Mill, kwa nia ya kuiga wiski ya jirani yake. Kimea kilikuwa cha mboji ya Islay, na utaalamu ulichukuliwa kwa jirani huyohuyo. Malt Mill iliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1962 na haikutoa Laphroaig hata siku moja.

Ndiyo maana sipendi kumshauri mtu apande ngazi ya namba. Namshauri alinganishe. Kama atapata nafasi ya kuonja jozi moja tu, jozi hiyo iwe Classic Laddie na Port Charlotte ya miaka 10. Zote mbili zinatoka kiwanda cha Bruichladdich, zinakenekwa katika mitungi ileile, na zote zinatiwa chupani zikiwa na asilimia 50 ya alkoholi, lakini ya kwanza imetengenezwa kwa kimea kisicho na mboji na ya pili kwa kimea cha 40 ppm. Mapipa hayalingani kabisa, kwa hiyo jaribio hili si la maabara, ila sijui jozi nyingine inayopatikana kwa urahisi ambayo inakaribia kukuonyesha kilichotoka kwenye moshi na kilichokuwapo tangu awali. Nusa isiyo na moshi kwanza mpaka uijue: shayiri, maua, limau, chumvi kidogo. Kisha nenda kwenye Port Charlotte na uvitafute vitu hivyohivyo. Vimo vyote.

Mchangiaji wa tatu

Nawafuatilia kwa makini. Naomba niongeze kwamba mgeni aonywe mapema kuhusu maji, kwa sababu nimeona watu wakimimina maji katika Lagavulin kama wanaoongeza supu. Wiski imekaa miaka 16 ndani ya pipa, wataalamu wameiandaa ikaandalika, halafu mtu anaizimua kwa dakika moja. Anayetaka moshi wa kweli ainywe kama ilivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, hapa tutatofautiana kwa heshima. Wiski karibu zote unazozifahamu zimekwisha kuongezewa maji kiwandani, kwa sababu kinachotoka kwenye pipa mara nyingi huzidi asilimia 50 na hupunguzwa hadi 40, 43 au 46 kabla ya kutiwa chupani. Sheria ya Uskoti inataka tu isishuke chini ya 40. Kwa hiyo mjadala ni kuhusu matone ya mwisho, si kuhusu maji kwa ujumla.

Na kuhusu moshi hasa, lipo jambo linalopendeza. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walichapisha utafiti uliotumia mfano wa kompyuta kuangalia gwayakoli, ileile yenye harufu ya moshi wa kuni, inavyojipanga katika mchanganyiko wa maji na alkoholi. Waliona kwamba alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini ya hapo, gwayakoli hukaa zaidi karibu na uso wa kinywaji, mahali ambapo pua inaweza kuipata. Alkoholi ikizidi 59, hufungwa katikati na kuzungukwa na alkoholi. Huo ni mfano wa kompyuta, haukupima ulimi wa mtu, na maji mengi yatapunguza kila kitu vilevile. Lakini unakubaliana na kile ambacho waonjaji wamekuwa wakikifanya siku zote: ile yenye nguvu ya pipa, isiyopunguzwa kiwandani, hufunguka kwa matone machache.

Ninachokiona mimi ni kwamba maji hayazitendei wiski zote sawa. Ardbeg ya miaka 10, ambayo ina asilimia 46, hupokea matone mawili matatu na kuanza kutoa limau na vanila. Laphroaig ya asilimia 40 ikitiwa maji hulegea upesi na kubaki na majivu yaliyolowa. Barafu ni suala jingine. Baridi huzuia harufu zisiruke, na anayejifunza anahitaji harufu zote, kwa hiyo aiache kando mpaka atakapokuwa anakunywa kwa starehe tu.

Mleta uzi

Wakuu, nimerudi na shukrani nyingi. Niliipata ile jozi ya Bruichladdich katika vichupa vya mililita 50, na nikafuata utaratibu kama ulivyoelekezwa, nikianza na isiyo na moshi.

Classic Laddie ilikuwa rahisi kuisoma: shayiri mbichi, maganda ya limau, na kitu cha maua nilichoshindwa kukitaja jina. Port Charlotte ilianza kwa moshi mtupu, kama nilivyotarajia, nikaiacha na kuendelea na ile ya kwanza. Nilipoirudia baadaye, moshi ulikuwa umeshuka chini na juu yake kukawa na limau lilelile, safari hii likiwa tamu zaidi, kama lililochomwa kidogo juu ya makaa. Asubuhi nikainusa glasi tupu iliyokauka, ambayo sikuwa nimeiosha. Ile ya Classic Laddie ilikuwa na harufu hafifu ya mbao na vanila. Ile ya Port Charlotte ilikuwa bado na majivu baridi, chumvi, na utamu wa nafaka iliyoungua pembeni, na kwa kuwa alkoholi ilikuwa imekwisha kuruka yote, niliweza kuiingiza pua ndani kabisa bila kuumia.

Jambo moja limeniacha na maswali zaidi. Nikirudi kwenye Laphroaig, sasa napata kitu kitamu mwishoni, karibu na vanila, ambacho naapa hakikuwepo hapo mwanzo. Je, ni mimi niliyebadilika au ni chupa? Na je, nikitafuta yenye miaka mingi zaidi nitapata moshi zaidi?

Mchangiaji wa kwanza

Hongera, na hasa kwa hiyo glasi tupu, kwa sababu wengi huiosha kabla hawajasoma sura ya mwisho. Fenoli haziruki haraka kama alkoholi na harufu nyepesi za matunda, kwa hiyo glasi iliyokauka ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuusoma moshi peke yake.

Swali lako la kwanza: ni wewe na chupa pia. Ile vanila ilikuwepo. Laphroaig ya miaka 10 hukaa zaidi katika mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, ile wiski ya Marekani, na kwa kuwa sheria ya Marekani inadai bourbon iwekwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, mapipa hayo yakitumika mara moja huuzwa, na Uskoti ndiyo mnunuzi wake mkubwa. Mwaloni huo ndio unaotoa vanila na nazi. Wakati huohuo chupa iliyofunguliwa hupokea hewa, na baada ya miezi kadhaa, hasa ikishuka chini ya nusu, makali ya moshi hupungua na utamu hujitokeza. Wapo wanaoona huo ni uharibifu. Mimi naona Laphroaig ya katikati ya chupa ni bora kuliko ya siku ya kwanza, lakini Caol Ila hupoteza uzuri wake haraka zaidi, kwa hiyo hiyo usiikawize. Kama chupa imebaki na kidogo na hutaki ibadilike, ihamishie katika chupa ndogo inayojaa. Itunze ikiwa imesimama, mbali na jua. Ukiilaza, alkoholi itakula kizibo.

Swali la pili lina jibu linalowashangaza wengi: miaka hupunguza moshi. Kadiri wiski inavyokaa ndani ya pipa ndivyo fenoli zinavyofifia na mwaloni unavyopata sauti. Anayetaka moshi mkali hutafuta changa, na ndiyo sababu viwanda kama Kilchoman, kilichoanza mwaka 2005, viliweza kujipatia sifa kwa wiski za umri mdogo. Machir Bay yao haitaji umri kabisa na bado ni mojawapo ya zinazoonyesha moshi safi na matunda mabichi kwa pamoja. Miaka 16 ya Lagavulin haikuwekwa ili kuongeza moshi, imewekwa ili kuutuliza.

Mchangiaji wa pili

Nakubali kushindwa katika suala la ppm, ila naomba kujua mapipa ya sheri yana nafasi gani hapa, maana nimeonja Ardbeg Uigeadail na kwangu ilizidi zote.

Mchangiaji wa kwanza

Uchaguzi mzuri, mkuu. Uigeadail huchanganya wiski ya mapipa ya bourbon na ya mapipa ya sheri, ule mvinyo mzito wa Uhispania, na hutiwa chupani ikiwa na asilimia 54.2. Sheri huleta zabibu kavu, kahawa na kakao, na pamoja na moshi hutokea kitu kinachofanana na nyama iliyopakwa asali ikakaushwa motoni. Hata hivyo mseto huu ni mgumu kuliko unavyoonekana. Moshi na sheri vyote vina sauti kubwa, na vikikutana bila uangalifu hutoa harufu ya kiberiti au mpira ulioungua, ambayo wengine huipenda na mimi siipendi. Kwa sababu hiyo namshauri mleta uzi aziache za sheri kwa sasa, mpaka awe anautambua moshi wa pipa la bourbon bila kusita.

Baada ya jozi uliyokwisha kuionja, ndugu mleta uzi, inayofuata iwe Caol Ila ya miaka 12 na Lagavulin ya miaka 16. Zote zina asilimia 43, kwa hiyo alkoholi haitakupotosha, na zitakuonyesha kazi ya mtungi wa shaba pale ambapo ile ya kwanza ilikuonyesha kazi ya mboji. Halafu toka nje ya Islay. Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye itakupa pilipili manga mwishoni mwa kila funda, mahali ambapo hukuitarajia, na Highland Park ya miaka 12 itakuonyesha ule moshi wa heather niliokueleza. Usionje zaidi ya mbili au tatu kwa kikao kimoja, kwa kuwa baada ya hapo ulimi unakisia tu, na anza daima na yenye moshi mdogo, maana ukitangulia Laphroaig hutaiona Highland Park kabisa. Kati ya moja na nyingine kunywa maji na utafune kipande cha mkate mkavu.

Na kama unaye mwenzako, mwombe akumiminie bila kukuambia ni ipi. Jina la chupa lina uwezo mkubwa wa kuuambia ulimi cha kuhisi, na mtu akishasoma neno Laphroaig huipata aidini hata glasi ikiwa na Bunnahabhain. Andika unachokinusa kabla ya kusoma maelezo ya mtu mwingine, kwa maneno yako, hata kama ni "duka la viatu" au "mvua juu ya vumbi". Maneno ya wenzako yatakuja yenyewe baadaye, na mengi hutayahitaji.

Mleta uzi

Nimeelewa, mkuu. Nitaanza na Caol Ila na Lagavulin, nitamiminiwa bila kuambiwa majina, na nitayaleta hapa niliyoyaandika kabla ya kufunuliwa ipi ni ipi.